Bei ya Sedani ya Kifahari Haiko Kwenye Tangazo

Mtu anayepitia matangazo ya magari yaliyotumika Dar es Salaam au Nairobi hukutana na jambo linalotatanisha. BMW ya Series 3 yenye viti vya ngozi na injini ya kukimbia inauzwa bei ileile ya Toyota Crown ya umri wake, na mara nyingine chini ya hapo. Mercedes C-Class iliyokuwa gari la mkurugenzi mwaka 2010 leo inafikiwa na mwalimu mwenye mkopo wa SACCOS. Mtaani maelezo ni mawili. Wapo wanaosema Mjerumani hatengenezi gari la kudumu, na wapo wanaosema Mjerumani hana kosa, sisi ndio hatujui kutunza. Pande zote mbili zinachukulia uimara kuwa tabia ya nembo iliyobandikwa kwenye boneti. Mimi naiona bei hiyo ndogo kama taarifa iliyo wazi: soko limeshapiga hesabu ya matengenezo yanayokuja na kuyakata kwenye bei ya kuuzia. Gari hushuka thamani kila mwaka, lakini spea zake hazishuki. Anayechagua sedani ya kifahari kwa kulinganisha bei za kununulia tu ameangalia nusu ya gharama, tena nusu iliyo ndogo.

Tuanze na bei ya spea inavyopangwa. BMW 335i ilipoingia sokoni Marekani kama gari la mwaka 2007 iliuzwa karibu dola 40,000 kabla ya nyongeza. Pampu yake ya mafuta, turbo zake mbili, taa zake na kompyuta zake zilipangiwa bei kwa kumfikiria mtu mwenye uwezo wa kutoa fedha hizo. Gari hilohilo likishuka hadi robo ya bei, au chini ya robo, pampu inabaki pale ilipokuwa, na sisi tunaongezea nauli ya kuileta na ushuru wa kuiingiza. Ndiyo maana tengenezo moja kubwa la giaboksi au turbo laweza kukaribia bei ya gari zima. Mwenye gari akitengeneza, ametumbukiza fedha ambazo hatazirudisha siku ya kuuza. Asipotengeneza, gari linawekwa juu ya mawe. Mengi ya magari ya kifahari yaliyolala nyuma ya gereji zetu yana ugonjwa unaotibika, ila dawa imezidi bei ya mgonjwa.

Sababu ya pili iko kwenye meza ya mhandisi. Sedani za namna hii hutengenezwa kwa kumlenga mmiliki wa kwanza. Marekani BMW mpya huuzwa na dhamana ya miaka minne au maili 50,000, yaani kilomita 80,000 hivi, na wateja wengi hawalinunui kabisa bali hulikodi kwa miaka mitatu kisha wakalirudisha. Mteja huyo hataki kusumbuliwa na safari za gereji, kwa hiyo watengenezaji wa Ulaya wakarefusha muda wa kubadilisha oili ya injini hadi kufikia kilomita 30,000 au miaka miwili. Fundi wetu anayesisitiza oili ibadilishwe kila kilomita 5,000 angeshangaa kusikia. Giaboksi ya gia nane ya kampuni ya ZF, ambayo BMW nyingi zimeitumia tangu ilipotoka mwaka 2009, inaonyesha jambo hili vizuri zaidi. BMW huihesabu oili yake kuwa ya kudumu umri wote wa gari. ZF, ambao ndio walioitengeneza giaboksi yenyewe, wanashauri oili hiyo ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000, au baada ya miaka minane. Mmiliki wa kwanza hafiki huko. Anayefika ni wa tatu, anayeishi Tabata au Ruaka, na sheria zetu zinahakikisha kwamba gari linamkuta katika umri huo hasa. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, na wengi hununua lile linalokaribia ukomo ili bei iwe chini. Tanzania huruhusu la zamani zaidi, lakini huongeza ushuru wa asilimia 15 kwa gari la miaka minane hadi kumi na asilimia 30 kwa lililozidi kumi. Watu wanalipa na kuendelea, kwa sababu hata likiongezwa ushuru bado linaonekana rahisi.

Hapa isieleweke kwamba Wajerumani wanatengeneza vitu vibovu makusudi. Mbio na starehe zina gharama yake ya kimaumbile. Injini ndogo inayotoa nguvu kubwa hutoa joto jingi ndani ya nafasi finyu, na joto ndilo linalokausha gasketi za mpira na kuzifanya bomba za plastiki zivunjike kama biskuti mtu akizigusa. Injini ya N52 ya BMW, iliyosifiwa kwa utulivu wake, ina pampu ya maji inayoendeshwa kwa umeme badala ya mkanda. Ni wazo zuri la kuokoa mafuta, lakini pampu hiyo hufa ghafla, na dereva asiyeangalia dashibodi hujua gari limechemsha wakati kichwa cha injini kimeshapinda. Tangu kizazi cha E90 kilichoanza mwaka 2005, hata kubadilisha betri ya Series 3 kunahitaji kompyuta ya gari ijulishwe kwamba betri ni mpya, la sivyo inaendelea kuichaji kama ile iliyochoka. BMW nyingi za miaka hiyo zilitoka kiwandani na matairi yanayoweza kutembea bila upepo, na kwa hiyo hazina tairi la akiba. Ujerumani hilo halina shida. Mtu aliyepasukiwa tairi usiku kati ya Chalinze na Segera ana maoni mengine.

Wapo watakaosema: kwa nini tubishane wakati takwimu zipo? Zipo kweli, na ni vizuri kuzijua. Utafiti wa kila mwaka wa J.D. Power wa Marekani huhesabu matatizo yaliyoripotiwa kwa kila magari 100 yenye umri wa miaka mitatu. Mwaka 2023, 2024 na 2025 Lexus ilishika nafasi ya kwanza. Mwaka 2025 ilikuwa na matatizo 140 wakati wastani wa soko ulikuwa 202. Lakini tazama kinachopimwa. Gari la miaka mitatu bado liko kwenye dhamana, na simu iliyokataa kuunganika na redio huhesabiwa kuwa tatizo moja, sawasawa na giaboksi iliyokufa. Ujerumani nako kuna ripoti ya TÜV inayotokana na ukaguzi wa lazima, na humo Porsche na Mercedes hufanya vizuri mara kwa mara. Ukaguzi huo huangalia breki, taa, kuvuja kwa oili na hali ya chini ya gari, hivyo unampima pia mwenye gari: aliyenunua Porsche kwa fedha taslimu hupitia gereji kwanza kabla ya kwenda kukaguliwa. Chama cha madereva cha ADAC kinaorodhesha magari yaliyokwama barabarani, na zaidi ya visa vinne kati ya kumi huwa ni betri tu. Hakuna hata moja kati ya takwimu hizi inayojibu swali la mnunuzi wa Mwanza: gari hili lenye miaka tisa, likija kwetu, litanigharimu kiasi gani hadi litimize kumi na tano?

Swali hilo linajibiwa kwa herufi na namba zilizochongwa kwenye injini, wala si kwa jina la kampuni. BMW peke yake inatosha kuthibitisha. Series 3 ya E90 iliyokuja kwetu kwa wingi kutoka Japani ni 320i, na nyingi zina injini ya silinda nne ya N46, ambayo mafundi wanaijua kwa sili za valvu zinazochakaa, moshi wa bluu na kula oili. Ndugu yake 325i anatumia N52 ya silinda sita isiyo na turbo. Ina pampu ile ya umeme na gasketi zinazovuja, lakini chuma chake cha ndani ni kigumu na hufika mbali ikitunzwa. Yaani injini kubwa ndiyo salama zaidi. Mnunuzi wa Tanzania lakini anasukumwa upande mwingine, kwa sababu ushuru wa bidhaa ni asilimia 5 kwa injini isiyozidi sisi 2,000 na asilimia 10 kwa iliyozidi hapo. Anaokoa asilimia tano bandarini na kuilipa mara kadhaa gereji. Juu yao yupo 335i mwenye injini ya N54 yenye turbo mbili, gari la kupendeza ajabu, ambalo pampu zake za mafuta za shinikizo kubwa zilikufa kwa wingi hadi BMW ikarefusha dhamana ya pampu hiyo Marekani kufikia miaka kumi, na mwaka 2010 ikayaita magari karibu 130,000 yarekebishwe. Kizazi kilichofuata, F30, kilianza na injini ya N20 ambayo miongozo ya plastiki ya cheni ya taimingi huvunjika, na cheni ikiachia, injini imekwisha. Halafu kuanzia mwaka 2015 kampuni hiyohiyo ikaleta kwenye Series 3 B48 na B58, injini zenye sifa nzuri kiasi kwamba Toyota, wasio na haraka ya kuamini kazi ya mwingine, waliichukua B58 na kuiweka kwenye Supra yao ya mwaka 2019. Nembo ni ileile kwenye magari haya yote, na mtu anayeuliza kama BMW ni imara ameuliza swali lisilojibika.

Mercedes ina historia inayofanana, nitaipitia kwa ufupi. C-Class ya W204, ya mwaka 2007 hadi 2014, nyingi zina injini ya M271 ambayo cheni yake ya taimingi hurefuka na meno ya gia za kamshafti kulika. Mlio wa kama kokoto gari likiwashwa asubuhi ni dalili ya kutopuuzwa. Injini ya V6 ya M272 katika matoleo yake ya mwanzo ilikuwa na gia ya shafti ya mizani iliyotengenezwa kwa chuma laini mno, na kuibadilisha kunataka injini itolewe nzima. Kisha kuna kufuli ya umeme ya usukani, kidude kidogo kinachoweza kuzima W204 isiyo na ubovu mwingine wowote: ufunguo unaingia, hakuna kinachowaka. Kidude hicho hakifunguki kwa bisibisi, kinataka mtu mwenye vifaa vya kukipanga upya na ufunguo wa gari.

Sasa, Wajapani si malaika. Mark X ya 2.5, inayopendwa kuanzia Mbagala hadi Thika, ina injini ya V6 ya 4GR-FSE inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Kwa kuwa petroli haioshi valvu za kuingizia hewa, masizi hujijenga juu yake, injini ikaanza kutetema ikiwa imesimama na kupoteza nguvu. Wamiliki wa Lexus IS 250, yenye injini hiyohiyo, walilalamika Marekani kwa miaka. Baadhi ya hizi 4GR hula oili pia, na dereva anayengoja taa ndiyo imwambie huishia kunoki. Toyota walijua dawa, kwani V6 yao ya 3.5, 2GR-FSE, ina nozeli za aina mbili, nyingine zikipuliza kwenye njia ya hewa na kuziosha valvu. Kwa hiyo hata ndani ya Mark X kuna gari la kuchagua na la kufikiria mara mbili, na boneti zote mbili zina nembo moja.

Tofauti yenyewe iko kwenye kinachotokea gari likishaharibika. Mark X ikifa Dodoma, fundi anayeifahamu yupo mtaa wa pili, spea zipo Kariakoo na Gerezani katika daraja tatu za bei, na injini ya mtumba kutoka Japani inapatikana kwa fedha ambazo mtu anaweza kuzikopa. Nairobi atakwenda Kirinyaga Road asubuhi na gari litembee jioni. Wingi ndio unaofanya kazi hii. Crown, Mark X, Lexus IS na GS za miaka ile zinashirikiana injini, giaboksi na vipande vingi vya chini, na kila gari linalokatwa kwa ajali linalisha mengine. Hapa ndipo ninapoona maana ya uimara kwa mnunuzi wa kwetu: si kwamba gari haliharibiki, bali kuharibika kwake hakumfilisi mwenyewe wala hakumkalishi wiki sita akingoja kifurushi kutoka Dubai au Ujerumani.

Pingamizi kubwa zaidi ni la wapenzi wa Mjerumani, nalo lina uzito. Wanasema gari hizi zikihudumiwa inavyotakiwa hazina mwisho, na ushahidi ni teksi za Mercedes. Ni kweli: makumbusho ya Mercedes huko Stuttgart yanahifadhi 240D ya mwaka 1976 iliyofanya teksi Ugiriki hadi kufikisha kilomita milioni 4.6, japo kwa injini zaidi ya moja. Lakini 240D ile ilikuwa dizeli isiyo na turbo, isiyo na kompyuta, yenye nguvu ndogo kuliko Vitz ya leo. Mhandisi aliyeitengeneza alikuwa anajibu swali la dereva teksi. Mhandisi wa 335i alikuwa anajibu swali la mtu anayetaka kupita kila gari kwenye barabara kuu ya München na kubadilisha gari baada ya miaka mitatu. Sifa iliyopatikana na la kwanza haihamii kwa la pili kwa sababu ya nyota au herufi tatu. Kuhusu huduma, naafiki kabisa kwamba inaokoa. Ila huduma inayozungumzwa lazima iwe imefanyika kabla gari halijapanda meli, na hilo mnunuzi wetu kwa kawaida hana namna ya kulijua.

Tunajidanganya hapa kwa karatasi ya mnada ya Japani. Gari linapewa alama 4 au 4.5, kila mtu anafurahi. Alama hiyo kwa sehemu kubwa inaeleza bodi, rangi, ndani na historia ya ajali. Mkaguzi wa mnada hafungui kifuniko cha valvu, na hawezi kusema cheni imerefuka kiasi gani. Kilomita chache nazo zina upande wa pili. Mjapani wa mjini huendesha safari fupi zenye foleni, injini haipati joto la kutosha, masizi yanajaa, na oili iliyokaa miaka miwili imeshazeeka hata kama odometa inasoma 40,000. Japani kuna ukaguzi wa lazima unaoitwa shaken, wa kwanza baada ya miaka mitatu na baadaye kila miwili, na gharama zake ni moja ya sababu zinazowafanya wauze mapema. Aliyeamua kuuza hatumii fedha kubadilisha kitu ambacho hakijaharibika bado. Kwa hiyo daftari la huduma, lile ambalo magari mengi huja nalo ndani ya kidroo na sisi tunalitupa kwa sababu limeandikwa Kijapani, lina thamani kubwa kuliko alama ya mnada. Tarehe na kilomita zinasomeka kwa lugha yoyote. Gari la kifahari lisilo na daftari hilo ni mbuzi kwenye gunia.

Litakuja pingamizi la pili: siku hizi mafundi wapo, mashine za kusomea makosa zimejaa, spea zinaagizwa kwa simu. Dar es Salaam, Arusha, Nairobi na Mombasa ni kweli kwa kiasi kizuri kuliko miaka kumi iliyopita, na vijana wanaofanya kazi hiyo wanastahili pongezi. Lakini mashine inasoma msimbo, haisomi sababu. Msimbo wa mchanganyiko wa hewa na mafuta unaweza kuletwa na sensa, bomba lililopasuka, nozeli au pampu, na fundi asiye na mafunzo ya gari hilo hubadilisha kimoja baada ya kingine kwa fedha ya mteja hadi abahatishe. Kwenye Corolla kubahatisha huko kunavumilika. Kwenye gari ambalo kila jaribio lina bei ya injini ya bodaboda, mteja anachoka kabla ya fundi. Na aliye Sumbawanga au Lodwar hata huyo wa kubahatisha hana.

Lipo pia jambo ambalo wanaonunua gari kwa mtazamo wa heshima hawalifikirii. Gari lililohama nchi limeacha nyuma uhusiano wake na kiwanda. Lexus ilipata sifa yake mwaka 1989 siyo tu kwa LS 400 yenyewe; miezi michache baada ya kuitoa, kwa malalamiko machache mno, iliyaita magari yote karibu 8,000 yaliyokuwa yameuzwa Marekani na kuwafuata wateja nyumbani kuyachukua. Gari lililotua bandarini kwetu likiwa na miaka minane halifuatwi na mtu. Mfano mzito ni mifuko ya hewa ya Takata, kampuni iliyofilisika mwaka 2017 baada ya vilipuzi vyake kubainika kupasuka na kurusha vipande vya chuma. Zaidi ya watu 25 wamekufa Marekani peke yake. Kemikali iliyotumika, ammoniamu naitreti, huharibika kwa miaka ya joto na unyevunyevu, hali ambayo Tanga, Zanzibar na Mombasa tunayo mwaka mzima. Kati ya magari yaliyoitwa ni Series 3 ya E90, C-Class ya W204 na Lexus IS 250 za miaka hiyo, yaani orodha kamili ya ndoto za mnunuzi wetu. Kuhakiki namba ya chasi kwenye tovuti ya mtengenezaji hakuna gharama, na kungepaswa kuja kabla ya kuuliza rangi.

Linabaki pingamizi la moyo: gari si hesabu tu, lina raha yake, na binadamu hafanyi kazi miaka ishirini ili aendeshe kitu cha kuchosha. Silipingi hili, na anayelipinga hajaelewa kwa nini watu hununua sedani ya mbio badala ya Noah. Ila raha hiyo ipimwe mahali inapotumika. Watengenezaji wa Ujerumani walikubaliana miongo mingi iliyopita kuzuia magari yao yasizidi kilomita 250 kwa saa. Nairobi Expressway inaruhusu 80, na vijiji vya barabara ya Morogoro vinaruhusu 50 na askari yuko kichakani na tochi. Kinachobaki ni mhimili wa nyuma unaosukuma, usukani unaojibu, breki za kuaminika, kiti cha safari ndefu na ukimya wa ndani. Vitu hivyo vinapatikana pia kwenye Mark X ya 3.5 ya kizazi cha pili, yenye nguvu farasi 318 dhidi ya 306 za 335i ya wakati wake, na kwenye Crown Athlete ambayo ndani yake haina cha kuonea aibu. Zinachokosa ni nembo. Kama nembo ndiyo inayonunuliwa, basi inunuliwe kwa kujua, na bajeti yake iwe wazi kama ya harusi.

Kwa aliye mbali na miji mikubwa, au ambaye gari hilo ndilo pekee la familia, uamuzi wangu ni Crown au Mark X yenye 2GR, au Crown ya mseto ya 2.5 iliyopimwa betri yake. Kwa aliye mjini ambaye moyo wake uko kwa Mjerumani, atafute F30 ya mwaka 2016 kwenda mbele yenye B48 au B58, na ahakikishe msimbo wa injini kwa namba ya chasi badala ya maneno ya dalali. Daftari la huduma liwepo, na oili ya giaboksi iwe kazi ya wiki ya kwanza hata muuzaji aape kwamba haibadilishwi. Juu ya hayo aweke pembeni fedha taslimu zisizopungua theluthi ya bei ya kununulia, kwa ajili ya miaka miwili ya mwanzo. Asiye na theluthi hiyo bado hajafikia uwezo wa kulinunua gari hilo, hata kama bei iliyo kwenye tangazo anaimudu.